Magoti ya Ijumaa Kuu

Katika mji wetu uliochongwa juu ya jabali la Toskana
nyumba zimebanana kama meno ya mzee,
yaliyobaki yakiegemeana.
Ukuta mmoja: huku sisi na msalaba wetu wa mbao,
huko Bi Allegrina Paggi na mwimo wa mlango
wenye kikasha chembamba alichokigusa kila akipita,
kisha akabusu kidole.

Mimi nilikuwa mkono wake wa Jumamosi.
Sabato haikumruhusu kuwasha moto,
wala kuniagiza niuwashe;
basi alisema tu, akitazama dari,
"Leo baridi ina kiburi, Fiorenza."
Nami nikawasha njiti. Jiko la chuma likakohoa, likashika.
Malipo hayakuwepo, Sabato haigusi fedha.
Jumapili nikitoka misa nilikuta lozi tatu kizingitini.

Machipuko yakija, neno letu lilikuwa moja: Pasaka.
Kwake unga na maji, mbiombio, donge lisipate nafasi ya kufura;
kwetu unga na mayai, umefunikwa blanketi kama mtoto mchanga,
nyumba nzima ikinong'ona hadi uumuke.
Alinipa kipande cha mkate wake bapa.
Nikamwambia unafanana na hostia ya padri.
Akacheka hadi akashika mbavu.
"Umeanza kuelewa," akasema. Hakusema nini.

Ijumaa Kuu, nina miaka tisa.
Padri anaita sala mojamoja.
Kwa Kanisa: magoti.
Kwa watawala: magoti.
Kwa wagonjwa, wasafiri, waliofungwa,
hata kwa wazushi: magoti, sakafu ya barafu,
mwili wangu umeshazoea mwendo.
Kisha kwa Wayahudi.
Nikashuka peke yangu.
Kanisa zima limesimama wima kama msitu.
Mama akanishika kola, akanivuta juu:
"Kwa hao hatupigi."

Kesho yake njiti tatu zilizimika mkononi mwangu.
"Kanisani kulikuwaje?" aliuliza Bi Allegrina.
Nikasema, "Baridi."

Halafu ikaja miaka ya orodha na malori.
Chini ya mji kuna mapango ya kale, ya mvinyo na kondoo.
Mama, yule yule wa kola,
alimficha humo miezi saba;
na kila usiku, kwa kuwa mdomo wa pango ni wa chini,
alipiga magoti kwenye tope
ili sufuria ya mchuzi ipite.

Nilidhani hapo ndipo hadithi huishia.
Bi Allegrina alirudi na kikohozi.
Dada yake hakurudi.
Alimwambia mama, bila kupandisha sauti,
kahawa ya shayiri ikipoa kati yao:
"Mchuzi ulinipa wewe, Nunziata. Sitausahau.
Lakini pango nilipewa na sala yenu."
Mama hakujibu. Alifagia makombo ambayo hayakuwepo.
Jumamosi alinisukuma nje mapema:
"Nenda kamwashie, kuna baridi."
Ilikuwa Juni.

Alikufa kabla Roma haijageuza desturi.
Mwaka tulipoambiwa kwamba hata kwa hao tupige magoti
nilikuwa na mimba ya miezi minane.
Nikashuka pamoja na wote,
vishindo kama gunia la viazi lililopasuka.
Wakainuka. Mimi nikabaki.
Sijui lilikuwa tumbo,
au nilikuwa namlipia Bi Allegrina ile ya kwanza,
na riba yake.
Mkono wa mama ukaja, ukashika kola yangu,
ukakaa hapo.
Haukuvuta.