Nguzo ya Arobaini na Tatu

Baba alikuwa fundi wa nyaya.
Miaka ile ya giza, Batumi nzima ikipikia kuni roshani,
yeye alipanda milima ya Khulo na kamba kiunoni,
koleo mfukoni, mkate wa mahindi kifuani usigande,
akiunga pale theluji ilipokata.
Kila nguzo aliijua kwa namba yake
kama mchungaji ajuavyo kondoo kwa makovu.

Sasa kijiko kimemshinda jina.
Anakishika, anakigeuza, anasema, "Hiki... hiki cha supu,"
halafu anacheka kabla sisi hatujacheka.
Mimi Lamzira, kitindamimba wake,
jana nilikuwa shangazi,
leo ni karani wa kituo cha umeme
na nimechelewesha mshahara wake.
Naitika vyote. Naomba radhi kwa mshahara.

Kazini nahesabu zilizo hai.
Seli za neva, za panya, katika visahani vya kioo
vipana kama kifungo cha koti:
zimetandaza matawi, zimeshikana,
gridi nzima isiyo na mji wa kuuangazia.
Tunazitilia sumu. Ndiyo, sisi wenyewe.
Huwezi kujua kizuiacho kuvunjika
bila kuvunja.
Visahani vingine tumevitangulizia tone
la kile tulichokamua kwenye tunguu la endzela,
ua jeupe linalotoboa theluji mwezi wa Februari
kisha likainama, kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Asubuhi nikachungulia darubini.
Pasipo tone: thelathini na nane kwa mia.
Penye tone: sitini na moja.
Nikaandika. Nikafuta. Nikahesabu tena.
Sitini na moja.
Profesa Revaz akasema, "Kisahani si kichwa cha mtu,"
na ni kweli,
na nilimchukia mpaka saa sita mchana.

Sikumwambia baba. Ningemwambia nini?
Kwamba tunguu halikutunga uchungu huu kwa ajili yetu?
Lilitunga kwa ajili ya meno,
meno ya panya, meno ya funza,
lipate kulala salama chini ya barafu
na kuamka likikumbuka njia ya kwenda juu.
Uchungu ni ua wa boma lake.
Sisi ni wezi: tunang'oa ua wa jirani
tukazungushie shamba letu
linaloliwa usiku.

Mwezi huo huo tukapewa kibali:
matunguu mia mbili, si zaidi.
Nikamchukua baba, maana Mzevinar anayemtunza
alikuwa na msiba kwao.
Gari likakwama. Tukapanda kwa miguu.
Alitangulia. Alitembea kama mtu anayeitwa.
Penye mteremko, chini ya nguzo ya zamani iliyopinda,
theluji ilikuwa imechanua.

"Arobaini na tatu," akasema,
akaipigapiga nguzo kama shingo ya farasi.

Niliitafuta namba. Ilikuwepo,
chini ya kutu, nusu yake.

Nikachimba. Nikahesabu. Nikatia mfukoni.
Nilipogeuka, yuko magotini nyuma yangu
anafukia kila shimo kwa viganja,
anashindilia udongo, taratibu,
bila kuruka hata moja.
"Baba, acha. Mikono itaganda."
Akanitazama kwa ghadhabu ya fundi kwa mwanagenzi:
"Waya hauachwi wazi. Atapita mtoto."

Tuliposhuka aliniuliza mara nne tunakwenda wapi.

Kwenye fomu, penye Mahali,
simu haikupata setilaiti.
Niliandika: nguzo ya arobaini na tatu, Khulo.
Penye Mkusanyaji niliandika jina langu,
na chini yake, kwa herufi za kubanana,
maana fomu haikuacha nafasi:
Anzor, fundi. Alifukia mashimo.