Randa ya Kulia

Rafu imekataa kuingia.
Imekataa kwa unene wa unywele, si zaidi,
na unywele ndio unaotuumbua sisi maseremala,
gogo halijawahi kutuumbua.

Nimeipiga kwa kiganja. Nimeibembeleza.
Nimeitukana kwa Kiwelshi cha bibi yangu,
lakini mwaloni hauna masikio.
Basi utakaokubali ni mfuo,
nao nimeuziba mwishoni, hauna mlango wa nyuma:
ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto,
katikati nafasi ya kidole cha mtoto.

Juu ya benchi zimelala randa mbili za ubavu.

Ya mti aliniachia Idwal Probert.
Imeiva rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
nyembamba kama kitabu cha tenzi,
ulimi wake umebanwa kwa kabari.
Ukitaka ulimi ushuke, gonga utosini;
ukitaka upande, gonga kisigino;
haina namba wala skrubu,
unategemea sikio.
Nayo hunyoa ukuta wa kulia tu.
Pacha wake wa kushoto alikwenda na Emrys
mwaka ule ndugu wawili walipogawana karakana:
msumeno wako, msumeno wangu,
patasi yako, patasi yangu,
mpaka wakafika kwenye jozi isiyogawika
wakaigawa.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
ila hasira hutosheka na kidole kimoja.

Ya chuma niliinunua mwenyewe, sokoni Machynlleth,
kwa bei ya viatu ambavyo bado sijavinunua.
Ina ndimi mbili zilizopeana migongo,
kushoto na kulia ndani ya mwili mmoja,
na pua yake hufunguka, ikafika hadi pembeni kabisa
pale ambapo ile ya mti hubaki ikibisha hodi.
Ina kila kitu, isipokuwa mahali pa kuishika.
Mwezi huu wa Januari inang'ata vidole,
na mara mbili imenyoa ngozi ya kifundo changu
ikidhani ni mwaloni.

Wanafunzi huniuliza, Tegwen, ipi bora?
Huwajibu kwa kuwapa ufagio.

Leo nilianza kulia, na ile ya mti.
Niliipasha joto kwapani kwanza, kama alivyokuwa akifanya yeye,
sijui kwa nini, mti hauhitaji.
Ilinong'ona mara tatu.
Maranda yakatoka kama ganda la ndani la kitunguu,
yakakatika inchi mbili kabla ya mwisho.
Nilikuwa na patasi. Ningeweza kumalizia kwa patasi.
Nikachukua chuma,
nikamalizia pembe, nikageukia ukuta wa kushoto,
kikapita kikilia, kikanyoosha, kikamaliza,
bila hadithi.

Rafu ikaingia kwa pumzi moja.

Jumamosi niliipeleka kabati kwake aliyeiagiza,
kilimani, nyumba ya mwisho, lami inapokoma.
Emrys Probert, miaka themanini na mmoja,
hakutazama milango wala rangi.
Alitoa rafu moja, akapitisha ukucha ndani ya mfuo,
ukuta huu, kisha ule, polepole,
kama mtu asomaye barua ya zamani gizani.
"Kulia ni mti," akasema.
Kimya. Ukucha ukarudi.
"Kushoto ni chuma."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha kuiona dirishani,
rangi ya chai ileile,
imechomekwa chini ya fremu ili upepo uingie kidogo,
kabari imevimba kwa mvua,
ulimi wote kutu.

Alinilipa noti moja moja, akihesabu kwa sauti.
Nilipofika getini akaniita,
nikageuka, naye akafikiri kidogo,
akaniambia barabara ina barafu,
niendeshe taratibu.