Meno Matano ya Springi

Luhende, fundi wa Isevya,
sina ugomvi na spana yako.
Inang'aa kama jino la bwana harusi.
Ugomvi wangu ni huku nyuma,
hizi shokapu mbili ulizoniapia kwa jina la mama yako
kwamba zitanifikisha kambi ya mizinga na kunirudisha
nisijue kama chini kulikuwa na njia.

Nimejua.
Tangu lami inapotuaga pale Ipole
naijua njia mzizi kwa mzizi,
naijua kwa pingili za uti wa mgongo,
nina pingili moja naiita Korongo la Pili.

Nikienda mtupu, Jumanne alfajiri,
madumu yanapiga makofi nyuma yangu
na springi haiteremki hata nchi moja,
ngumu kama mdaiwa aliyeulizwa mbele za wakwe.
Kijiwe cha ukubwa wa karanga
kinanitoa kitini, kinanirudisha kitini,
na kofia ya chuma inanigonga utosi kama mwalimu wa hesabu.

Nikirudi na madumu manne ya asali
(na asali si maji, Luhende, muulize aliyeibeba)
springi ile ile inalala chali.
Tairi linalamba madigadi.
Ko! Chuma kwa chuma.
Halafu inanirusha, halafu inafikiri,
halafu inanirusha tena kwa shimo nililokwisha kulipita.

Ukasema tukaze. Tukakaza jino la pili, la tatu, la nne.
Ukasema tulegeze.
Ukasema labda uzito wangu,
mimi, kilo hamsini na nane,
mkanda nimeutoboa matundu kwa msumari.
Ukasema labda mwendo.
Ukaletewa chai, hukusema tena.

Nimekitazama na kile kitabu kilichokuja nayo.
Kuna picha ya kijana mwenye glavu,
barabara nyeusi, laini kama nywele zilizopakwa mafuta.
Hana dumu. Hana hata mfuko wa nyanya.

Adhabu ya kiti aijuaye makalio.
Basi Alhamisi nikakwambia: funga banda, panda.
Ukacheka, ukapanda, ukashika keria kwa mkono mmoja
kama unakwenda kutoa posa.
Kufika Ipole, mikono miwili.
Kwenye mchanga ukanishika kiuno.
Kwenye Korongo la Pili ulimtaja mama yako,
safari hii si kwa kuapa.

Kule kambini Mzee Kapufi alikukaribisha gogo ukae.
Ukasema, nitasimama tu.
Ukala asali na masega yake umesimama,
mkono nyuma ya kiuno, kama mjamzito,
nyuki mmoja akikuzunguka sikio,
na kwa mara ya kwanza hukunipa sababu.

Siku ya pili ulizifungua.
Oili ikatoka nyembamba, chai ya rangi,
ukainusa, ukaitema mate kando.
Ukatia nzito. Ukabadilisha sili. Bushi ukachonga mwenyewe
kwa mpira wa tairi la lori.
Hukudai ufundi, na mimi sikukumbusha.

Sasa ni afadhali.
Nasema afadhali, sisemi nzuri.
Ule mrusho wa pili umekwisha, inashuka, inapanda, inatulia,
ila nikiwa na mzigo, Korongo la Pili,
bado: ko.
Kidogo. Kama mtu anabisha hodi
nyumba asiyo na hakika nayo.

Spana nimeifunga kwa mpira chini ya kiti.
Kwenda, jino la kwanza.
Kurudi, napiga magoti kwenye majani ya mninga,
nakaza mpaka la tano, mikono inanata asali,
na siafu wanapanda spana kuja kuona.

Usiku Nyamizi ananikanda mgongo kwa kisigino cha mkono.
Akifika pale pingili ile, anauliza,
hapa?
Hapo, namwambia. Legeza jino moja.