Zulia la Mama Mkwe

Nilikuwa nimelala chali sakafuni, mgongo umekaza
kwa zamu ya usiku chini ya mabasi,
nikahisi ubaridi kwenye kidole gumba
kama pua ya paka.
Nikafumbua macho: Daryna kainama,
ulimi nje, pumzi kaibana,
ananipaka kucha wekundu wa gari la zimamoto.
Nikashtuka. Mguu wangu, si wake,
ndio uliopiga chupa.

Nalisema hili mapema,
maana kwetu kosa hutafutiwa mtoto kwanza.

Zulia ni la mama mkwe, Stefania,
rangi ya uji wa shayiri, ukuta hadi ukuta.
Kalilipia kwa miaka mitatu ya kushona mapazia ya watu.
Saa hiyo yuko kanisani na wenzake,
wanafunga viazi ndani ya unga kwa karamu ya Jumamosi.
Tuna saa mbili. Labda pungufu.

Nikanyakua taulo nisugue. Mtoto akanidaka mkono.
"Usisugue, Baba! Ukisugua unalilisha.
Unadonoa tu. Hivi. Kama kuku."
Ana miaka tisa. Sikumuuliza
mara ya kwanza alimwaga wapi.

Basi tukadonoa.
Kwanza nyuma ya sofa, pasipofika macho,
tone moja la asetoni, tuone kama nyuzi zitayeyuka.
Hazikuyeyuka. Ni sufu, Mama Stefania hanunui uongo.
Kisha kitambaa cheupe, kwani chenye rangi nacho huacha deni:
shati langu la harusi, lisilonifunga tena tumboni,
tukalikata mikono.
Kutoka ukingoni kuja katikati,
doa lisipate pa kutembelea.
Donoa. Geuza. Donoa.

Harufu ikatupanda utosini, tukafungua dirisha,
na Winnipeg nzima ikaingia bila hodi:
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji kwenye kingo, mlio wa jembe la barabara.
Kuku wawili wenye makoti, magoti chini,
mmoja akiimba meza ya saba.

Wekundu ukawa waridi.
Waridi likawa rangi ya ufizi.
Ufizi ukawa tetesi,
kisha hata tetesi ikanyamaza.
Nikasimama na kiburi cha fundi, nikafunga dirisha,
nikatazama chini.

Pale palipokuwa na doa
palikuwa na duara jeupe, pana kama sahani ya wageni,
na kulizunguka, jamani,
miaka kumi na moja ya soksi zangu,
grisi, chai, mbwa aliyekwisha kufa,
njia niipitayo kutoka mlangoni hadi kwenye kiti
imechorwa kama barabara kwenye ramani.
Hatukuondoa doa.
Tulilionyesha ukubwa wake.

Mama Stefania akaingia, akavua buti,
akasimama ukingoni mwa duara bila kulikanyaga.
"Nani kapasafisha hapa?"
Daryna akatazama dari.
Mimi nikakunja gumba ndani ya ngumi;
asetoni ilikuwa imekwisha, na kucha bado inawaka.
Akaenda jikoni. Tukasikia bomba.
Akarudi na ndoo, na brashi mbili.
"Mmeanza vizuri," akasema.

Usiku huo karakanani
nilivaa glavu kabla ya kuulizwa habari.