Ya Arobaini na Moja

Siku za mwizi ni arobaini.
Za mwasi, alisema Mtumishi, hazifiki hapo.
Nimezihesabu kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango.
Leo ni ya arobaini na moja
na nimeamka na mafua tu.

Katika daftari lao bado nipo:
Filotea Kihiyo, mjane, fungu la kumi pungufu,
kasuka nywele bila ruhusa.
Maji ya upako, yale niliyouzia cherehani,
nimemwagilia mchicha.
Umeota kama mchicha.

Wiki za kwanza sikuthubutu kusali.
Nilidhani simu ya mbinguni iko mezani kwake
na laini yangu imefungiwa.
Hadi usiku ule Elieza alipopandwa na homa,
nikasema, "Baba, ni mimi,"
bila kutaja mtu katikati.
Hakuna sauti iliyojibu.
Bati lilidondoka matone mawili, matatu.
Alfajiri mtoto akaomba uji:
nusu ni dawa ya zahanati ya Makorora,
nusu siulizi.

Leo Jumapili. Spika zao zinaitikisa Ngamiani nzima.
Nimetoa baiskeli ya marehemu,
waliyosema haimfai mwanamke aliyeokoka,
nimeifuta kutu, sketi nimeipiga fundo,
naikanyaga kuelekea Raskazone.
Kwenye kona bado nageuka
kutazama nani anaandika.

Mungu wangu, sijui kama hii ni sala:
breki moja haishiki,
na mteremko ni wako.