Twende Kilioni

Jumamosi asubuhi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nateremka ngazi za Nzigire, mtaa wa Sargent, Winnipeg,
buti mkononi, soksi mbili kila mguu,
na mafungu matatu ya nywele kwenye mfuko wa mkate.
Inchi kumi na nane. Zamu nne za usiku.

"Vua kofia."
Nasita.
"Vua, dada. Mficha uchi hazai."
Anayaona mapanja yangu yalivyopukutika,
hasemi kitu,
anachovya kidole gumba kwenye mafuta ya nyonyo.

Kwanza anasuka za chini, zitakazofunikwa.
Kwetu Korogwe mtindo huu una jina:
twende kilioni.
Mistari ya haraka, yote kurudi nyuma, haina madaha,
kwa sababu msiba haungoji mtu asukwe vizuri.
Nzigire ni wa Bukavu, hakulijua hilo jina.
Akacheka.
Kisha akaniuliza, "Kwani wewe unaenda kwa kilio cha nani?"
nikamwambia,
na chanuo likasimama katikati ya kichwa.

Mama. Jumanne.
Nauli dola elfu mbili na mia nne,
na karatasi zangu ziko mezani kwa mtu nisiyemjua;
ukitoka sasa, waliniambia, hurudi.
Nilizika kwa simu.
Shemdoe ndiye aliyeshika kamera,
akanionyesha viatu vya watu kuliko kaburi.

Miadi ya nywele nilikuwa nimeweka kabla. Arubuni nimeshalipa.

Sindano imepinda, uzi mweusi.
Inapita chini ya msuko, inaibuka, inavutwa.
"Inauma?"
"Inauma."
"Inauma vizuri ao vibaya?"
Sikujua la kujibu.
"Ikiuma vibaya sema, nifumue. Nywele hazirudi kila mara."

Saa tano baadaye ananipa kioo na masharti:
Shampuu uichanganye na maji, chupa yenye mdomo mwembamba,
ipite kati ya mstari na mstari.
Usitie kucha. Ukiwashwa, jipige kwa kiganja.
Zikauke mpaka chini kabisa, huko ndiko uvundo unakoanzia,
na usitoke nje na unyevu, baridi ya hapa itazivunja kama tambi.
Ulale na kitambaa cha hariri.
Wiki nane. Ukija ya tisa, sikufungulii.

Kazini, Bibi Halldorson wa chumba namba kumi na nne,
aliyesahau jina la mwanawe,
alizishika, akazinusa.
"Jana hukuwa nazo," akasema.

Mama naye angezisema.
Kila nilipobadilisha kichwa alisogeza uso kwenye simu
hadi nikaona tundu moja tu la pua:
"Nywele za nani hizo?"
"Zangu, Mama. Nina risiti."

Arobaini ilisomwa Korogwe nikiwa zamu.
Nilijipigapiga kichwa kwa kiganja, pale panapowasha,
na mstari wa chini, mmoja mmoja, uliitika kwa maumivu.
Watu walinisifu kwenye basi.

Wiki ya nane nafumua mwenyewe, bafuni,
mkasi wa kukatia kucha, nakata uzi kwa woga
nisije nikakata cha kwangu.
Mafungu matatu nimeyaosha, nimeyatundika juu ya beseni, yanachuruzika.
Chini: ukoko wa mafuta, mba,
na nywele zilizokua urefu wa kiungo cha kidole
huku hakuna aliyezitazama.

Natoa msuko wa mwisho. Maji yanatoka ya kijivu,
kisha meupe.
Kwenye panja la kushoto, mvi tatu. Nne.
Zimejikunja vilevile, upande uleule.

Nywele za nani hizo?

Zako, Mama.
Hizi sina risiti.