Gonga Tena

Baada ya moto wa ghorofa ya tatu
(hakufa mtu, ila friji na mapazia,
na hadi leo ngazi zinanuka mpira)
niliwakalisha watu wangu mezani,
nikageuza kalenda ya mwaka jana,
nikaandika mgongoni mwake: TUKITOKA.

Ufunguo wa grili: msumarini.
Si mfukoni mwa Musembi, si chini ya mto wa kochi.
Tukaung'oa msumari, tukaupigilia upya
usawa wa kifua cha Katile.
Ukuta ukamwaga chokaa kwenye chai yangu.

Gesi: anayepika ndiye anayefunga.
Tochi: Mwende. Na aache kuisomea blanketini.
Namba ya shangazi wa Mwingi: kichwani,
maana moto haungoji simu ishike chaji.
Tukipotezana, tukutane kwa mama wa mkaa,
upande wa pili wa barabara, mbali na transfoma.
Hapa Pipeline hata jua huingia kwa zamu,
sembuse zimamoto.

Kisha mfuko wa zipu.
Vitambulisho, hati ya shamba,
vyeti vya kuzaliwa viwili,
kadi za kliniki tatu.
Musembi akaiona ile ya tatu,
mstari wa uzani unaopanda miezi minne
kisha basi.
Hakuuliza. Akavuta zipu taratibu
kama anayefunga mlango wa chumba
alimolala mtoto.

Nikapiga sufuria kwa mwiko: Moto! Moto!
Ghorofa tano, giza la saa saba mchana,
Katile akihesabu vidato kwa sauti.
Dakika tatu na nusu.
Musembi alishuka na redio.
Mwende alirudia viatu.
Na mimi, kamanda, mwenye kalamu na kelele,
niliuacha mfuko mezani.
Tulicheka mpaka mama wa mkaa akauliza
leo tumekunywa nini.

Tulipopanda, Katile akakwama mlango wa jirani.
"Na Baba Amoit?"
Baba Amoit hulinda godauni usiku kucha,
mchana hulala kama gogo.
Sufuria yangu ililia futi sita kutoka kitandani kwake
na hakugeuka ubavu.

Nikaishusha kalenda.
Nafasi ilikuwa imebaki chini kabisa,
nyuma ya Desemba.
Nikaandika:
Gonga mlango wa 5C.
Gonga tena.
Gonga mpaka atukane.